Kutambua Vilima vya Mazishi vya Kale kwenye Picha za Angani za Mashamba: Mwongozo Kamili

Mwishoni mwa Juni, ukipita njia ya miguu inayokata shamba la shayiri kusini mwa Uingereza, unaweza kufika mahali ambapo mabua yanabadilika ghafla. Ulikuwa unatembea kwenye shayiri iliyokwisha kugeuka manjano, inayokufika mapajani. Halafu kwa hatua tatu nne hivi mabua yanakuwa ya kijani, yamepanda kwa kadiri ya kiganja kuliko ya jirani, na masuke yake bado yamesimama. Hatua ya tano, umerudi kwenye ukavu. Unakwenda mita 25 hivi, mambo yanajirudia: kijani, kisha ukavu tena. Ukiwa pale chini huwezi kujua umepita nini. Picha iliyopigwa kutoka juu wiki hiyohiyo ingekuonyesha duara la kijani lililochorwa kwenye shamba la manjano, na njia yako imelikata katikati. Umevuka mara mbili mtaro uliochimbwa takriban miaka 4,000 iliyopita kulizunguka kaburi.

Mwongozo huu unahusu kulitafuta duara hilo ukiwa mbele ya kompyuta, na kujua ni lini una haki ya kusema umeliona. Nimeuegemeza Uingereza kwa sababu ndiko nilikojifunzia, na kwa sababu picha, ramani na vipimo vya huko vinapatikana bure kwa mtu yeyote mwenye intaneti, hata akiwa Morogoro au Muscat.

Kwanza, jua unachokitafuta

Vilima vingi vya mazishi vya mviringo vya Uingereza vilijengwa kati ya takriban mwaka 2400 na 1500 kabla ya Kristo, wakati wa Zama za Bronzi. Watu walichimba mtaro wa duara, wakawa wanautupia udongo wake ndani, juu ya mwili au majivu ya marehemu. Kwenye maeneo ya mwamba wa chokaa laini, kilima kipya kilikuwa cheupe kabisa na kilionekana kutoka mbali. Vile vya umbo la kawaida, kama bakuli lililofudikizwa, vilivyosalia nchini humo vinazidi 10,000. Vingine vingi vimelimwa karne kwa karne mpaka vikalingana na ardhi.

Plau hukwangua kilichoinuka. Kilichochimbwa chini hubaki. Kwa hiyo kwenye shamba linalolimwa, kilima chenyewe mara nyingi hakipo tena. Kilichosalia ni mtaro wake, uliojaa udongo polepole mpaka ukafunikwa. Udongo huo ni laini, una rutuba, na hushika maji kuliko mwamba au kokoto zinazouzunguka. Mvua ikikosekana, mizizi iliyo juu ya mtaro huendelea kunywa wakati ile ya jirani imeishiwa. Mmea wa mtaroni unarefuka zaidi na kuchelewa kukauka. Hiyo ndiyo alama ya mazao, na ndiyo itakayokupa madoa mengi utakayoyapata.

Kuna alama za aina nyingine mbili. Alama ya udongo huonekana shamba likiwa tupu baada ya kulimwa: mtaro hutokea kama pete nyeusi, na kwenye mwamba wa chokaa mabaki ya kilima hutokea kama doa jeupe lililopakazwa upande ambao plau limekuwa likielekea. Alama ya kivuli huonekana pale kilima kinapokuwa bado kimeinuka kidogo na jua liko chini.

Hatua ya 1: Kusanya vyombo, kisha lizoeshe jicho

Unahitaji Google Earth, kwa sababu ina kitufe cha kurudi nyuma kwenye picha za miaka iliyopita. Ongeza ramani ya mtandaoni ya akiolojia ya angani ya Historic England, taasisi ya umma inayotunza urithi wa kale, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2021. Tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland, yenye ramani za zamani zilizolazwa juu ya picha za leo. Vipimo vya leza vya kimo cha ardhi vya Environment Agency, shirika la serikali la mazingira. Na ramani ya miamba ya British Geological Survey. Vyote havina malipo.

Usianze kuwinda. Anza kwa kutazama vilima ambavyo tayari vinajulikana. Nenda Winterbourne Stoke, karibu na Stonehenge, penye kundi la vilima vya karibu kila aina pembeni mwa makutano ya barabara. Kisha nenda Oakley Down, Dorset. Hapo kuna vilima vya umbo la sahani, kila kimoja kikiwa na kilima kidogo katikati ya uwanja mpana uliozungushiwa mtaro, na barabara ya Warumi iitwayo Ackling Dyke imekata ukingo wa kimojawapo. Kaa hapo. Barabara hiyo iliyonyooka kama uzi ilipita juu ya kitu kilichokuwa cha kale tayari, na unaliona hilo kwa macho yako bila kusoma kitabu. Kuona kipi kimekatwa na kipi kimekata ni nusu ya kazi hii.

Tumia jioni mbili tatu hivi kutembea kati ya vilima vinavyojulikana. Vitazame katika picha za miaka tofauti. Utashangaa kwamba pete iliyo wazi kabisa mwaka mmoja haionekani hata kidogo katika picha nyingine tano za shamba lilelile.

Hatua ya 2: Chagua ardhi na zao

Alama za mazao hutokea vizuri juu ya ardhi inayopitisha maji haraka: kokoto za mabonde ya mito, mchanga, na mwamba wa chokaa laini. Bonde la mto Thames katika Oxfordshire, nyanda za Wiltshire na Dorset, na miinuko ya East Yorkshire ni mahali pazuri pa kuanzia. Udongo wa mfinyanzi hushika maji kila mahali, kwa hiyo tofauti kati ya mtaro na jirani yake hufifia. Huko husubiriwa ukame mkali.

Zao nalo lina neno lake. Shayiri na ngano husema ukweli kuliko mengine, shayiri hasa. Majani ya malisho hunyamaza miaka mingi, kisha katika ukame mkubwa hufunguka kwa siku chache. Mahindi na viazi, vyenye nafasi kati ya mistari, huonyesha kidogo. Msitu haukupi kitu kwa picha ya kawaida.

Kabla hujalitazama shamba, fungua ramani ya miamba na uone liko juu ya nini. Shamba la mfinyanzi lisiloonyesha kitu halijakwambia kwamba hapana kitu.

Hatua ya 3: Tafuta tarehe kabla ya kutafuta mahali

Wengi wanaoanza hupekua picha ya karibuni tu, wakakosa, wakakata tamaa. Picha ya karibuni mara nyingi ni ya masika au ya mwezi wa Septemba, mavuno yamekwisha. Wewe unataka Juni au Julai ya mwaka mkavu. Mwaka 1976 ulikuwa na ukame mkubwa ambao wapiga picha wa angani bado wanauzungumzia. Mwaka 2018 pia: Julai ya mwaka huo, katika bonde la mto Boyne nchini Ireland, Anthony Murphy na Ken Williams walirusha droni zao karibu na kaburi kubwa la kale la Newgrange na kuona duara kubwa la ibada la kale ambalo hakuna aliyekuwa amelijua. Kiangazi cha 2022 nacho kilikuwa kikavu. Kwenye Google Earth, sogeza kitufe cha wakati mpaka kwenye miezi hiyo na uone kama sehemu yako ina picha.

Kwa alama za udongo, taka picha za majira ya baridi na mwanzo wa masika, shamba likiwa limelimwa na uso wake umeanza kukauka.

Usizisahau picha za zamani nyeusi na nyeupe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia jeshi la anga la Uingereza lilipiga picha karibu nchi nzima, na nyingi zimewekwa mtandaoni. Zilipigwa kabla ya matrekta makubwa kulima kila kona, hivyo kilima ambacho leo ni pete ya kijani tu kinaweza kuonekana humo kikiwa bado kimesimama na kivuli chake.

Hatua ya 4: Namna ya kutazama

Ligawe eneo katika miraba ya nusu kilomita na uifuate mmoja mmoja, ukiandika tarehe ya picha uliyoitazama katika kila mraba. Bila hivyo utajikuta unarudia mashamba yanayokuvutia na kuyaruka yanayochosha.

Usivute karibu mno. Mtaro una upana wa mita mbili hadi nne. Katika picha ambayo pikseli moja ni nusu mita, hiyo ni pikseli nne hadi nane tu. Ukisogea sana pete inavunjika kuwa vidoa na jicho linapoteza mzunguko wake. Tazama kutoka umbali ambao shamba zima linajaa kwenye skrini; pete ikiwepo, mara nyingi utaihisi kabla ya kuiona vizuri. Kisha sogea, kisha rudi nyuma tena.

Jambo moja linawapoteza hata wazoefu: mwanga. Akili ya binadamu huamini kwamba mwanga unatoka juu ya picha. Uingereza jua huwa kusini, yaani chini ya picha iliyoelekezwa kaskazini, kwa hiyo kilima kinaweza kuonekana kama shimo na shimo kama kilima. Tafuta mti au nyumba, angalia kivuli chake kinalalia upande gani, na kama bado huamini macho yako, igeuze picha juu chini.

Ongeza tofauti ya mwanga na giza kwa programu yoyote ya kuhariri picha, kwa kiasi. Ukizidisha, kila shamba litaota mapete.

Hatua ya 5: Pima, kisha ulipe umbo jina

Ukipata kitu, kabla hujafurahi, kipime. Chukua kipenyo kwa pande mbili zinazopishana. Kilima cha mviringo cha Zama za Bronzi kwa kawaida kina kipenyo cha mita 10 hadi 40. Pete ya mita 4 ni ndogo mno. Pete ya mita 90 ni kitu kingine.

Mtaro wa kilima cha mazishi mara nyingi umefunga: unazunguka bila mlango. Baadhi yake una pete mbili, moja ndani ya nyingine, kwa sababu kilima kilipanuliwa baada ya muda. Ukiona doa jeusi katikati linaweza kuwa shimo la kaburi lenyewe, na hilo huongeza uzito. Lakini lisipokuwepo, hujapoteza kitu, maana makaburi mengi yaliwekwa juu ya ardhi, ndani ya kilima, na yakaondoka pamoja nacho.

Vilima virefu ni vya kale zaidi, vya Zama Mpya za Mawe, vingi vikijengwa karibu na mwaka 3800 hadi 3500 kabla ya Kristo. Hivyo hubaki kama mitaro miwili inayokwenda sambamba, mara nyingi ikipanuka kidogo kuelekea mashariki, kwa urefu wa mita 20 hadi zaidi ya 100. Cha West Kennet, Wiltshire, ambacho bado kimesimama, kina urefu wa karibu mita 100. Kitazame ili kipimo hicho kikukae kichwani.

East Yorkshire kuna jambo la pekee: miraba. Watu wa Zama za Chuma wa huko waliyazungushia makaburi yao mitaro ya pembe nne, upande mmoja ukiwa wa mita 5 hadi 15 hivi, na mara nyingi shimo la kaburi huonekana katikati kama nukta. Miraba hiyo hujipanga kwa makumi. Ukiikuta mara moja hutaisahau.

Makundi yana uzito kuliko duara la peke yake. Pete tatu nne zilizojipanga mstari, au zilizokusanyika pembeni mwa mtaro mkubwa wa kale, zinashuhudiana.

Hatua ya 6: Vitu vinavyodanganya

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Dunia imejaa maduara.

Mwaka wangu wa kwanza nilipata pete safi kabisa, ya mita 20, kwenye shamba la majani karibu na kijiji kimoja. Nilipima, nikachora, nikaandika maelezo ya ukurasa mzima. Kisha nikafungua picha ya miaka miwili baadaye. Pete ilikuwa imehamia upande wa pili wa uzio. Ilikuwa njia iliyokanyagwa na farasi anayefundishwa kwa kuzungushwa na kamba ndefu, na kipenyo cha mita 20 ndicho cha kawaida kwa mazoezi hayo. Tangu siku hiyo sitaji duara lolote kabla ya kuliona, au kukosa dalili za kulipinga, katika picha za miaka mitatu tofauti. Mtaro wa kale hauhami. Unaweza kunyamaza, lakini ukizungumza tena utazungumza palepale, kwa kipimo kilekile.

Kanuni hiyo peke yake inaondoa wadanganyifu wengi: pete za uyoga katika malisho, ambazo hupanuka mwaka hadi mwaka, alama za hori la chuma la kulishia ng'ombe, zenye upana wa mita chache tu na matope yaliyokanyagwa pembeni, mahali paliporundikwa samadi, na mkunjo wa trekta la kunyunyizia dawa kwenye kona ya shamba. Kwa hilo la mwisho, fuata mistari ya magurudumu: ikiingia kwenye duara na kutoka nalo, duara ni la trekta.

Wapo wadanganyifu wasiohama, na hao ni wagumu zaidi.

Nyumba za mviringo za Zama za Chuma ziliacha mfereji mwembamba wa maji ya paa, wenye kipenyo cha mita 8 hadi 15. Tofauti iko kwenye wembamba wa mfereji, na kwenye mlango, yaani pengo moja, mara nyingi upande wa mashariki au kusini-mashariki. Ukiona vipete vingi vinapandana na mitaro ya mazizi kando yake, uko kijijini, si makaburini.

Vinu vya upepo vya karne za kati vilisimama juu ya vilima vidogo vyenye mtaro. Kutoka juu ni pete kama ya kaburi, ila katikati kuna alama ya msalaba: ndipo mbao za msingi zilipolala. Wengine walikisimamisha kinu juu ya kilima cha mazishi kilichokuwepo, kwa hiyo msalaba haufuti uwezekano wa kaburi. Uandike tu kama ulivyo.

Vituo vya taa za kumulika ndege na vya mizinga vya Vita vya Pili vya Dunia navyo viliacha pete. Picha za jeshi za miaka ya 1940 zitakuonyesha kama hapo palikuwa na askari. Mashimo ya mabomu, mabwawa ya kunyweshea mifugo yaliyofukiwa na mashimo ya kuchimbia chokaa huonekana kama doa lililojaa, bila pete. Miduara ya miti iliyopandwa na matajiri katika mashamba yao karne ya 18 na 19 huacha mtaro mwembamba wa uzio. Ramani ya zamani itakwambia. Barafu ya zama za kale nayo ilipasua ardhi kwa michoro ya pembe nyingi inayoungana kama utando wa buibui, na kipande kimoja cha utando huo hufanana na pete iliyopinda. Ukikuta vipande vingi kama hivyo shamba zima, ondoka.

Kisha kuna maduara ya kale kweli ambayo si makaburi. Woodhenge, karibu na Stonehenge, ilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa mabaki ya kilima kikubwa cha mazishi. Mwishoni mwa 1925 rubani Gilbert Insall alipaona akiwa angani, na picha za kiangazi cha 1926 zikaonyesha kwenye ngano madoa meusi yaliyojipanga mviringo ndani ya mviringo. Maud Cunnington na mumewe Ben walichimba kuanzia mwaka huo, wakakuta yale madoa ni mashimo ya nguzo za miti. Kilichodhaniwa kilima cha kaburi kilikuwa uwanja wa nguzo. Kwa hiyo pete kubwa yenye mlango mmoja au miwili inayotazamana, au yenye madoa yaliyopangika ndani, iandike kando.

Hatua ya 7: Iulize ardhi kwa njia nyingine

Vipimo vya leza vinavyochukuliwa na ndege, ambavyo wataalamu huviita laida, ndivyo shahidi wa pili bora. Chukulia kilima kilicholimwa mpaka kikabaki na kimo cha sentimita 30 na upana wa mita 30. Mteremko wake ni kama digrii moja tu. Picha ya kawaida haiwezi kukupa kivuli chake isipokuwa jua liwe karibu linagusa upeo wa macho. Leza hupima kimo chenyewe, kwa hiyo mwinuko huo hutokea. Pakua data ya mita moja ya Environment Agency, ifungue katika QGIS, ambayo ni programu ya bure, na utengeneze kivuli cha kuigiza kutoka pande kadhaa, si upande mmoja, huku ukikuza kimo mara tano au zaidi. Pete ya kijani kwenye picha ikilala juu ya mwinuko hafifu kwenye leza, umepata jambo zito.

Fungua ramani za zamani. Wachoraji wa Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, waliandika neno "Tumulus", au "Tumuli" kwa wingi, kwa herufi za kale, penye vilima walivyovijua. Kuna vilivyochorwa karne ya 19 ambavyo leo vimesawazishwa kabisa. Soma pia majina: kwa Kiingereza cha kale kilima cha namna hii kiliitwa *hlaw* au *beorg*, na maneno hayo yamejificha ndani ya majina ya mashamba na vijiji yanayoishia na "low" au yenye "barrow". Jina peke yake halithibitishi kitu, kwa sababu maneno hayohayo yalitumika kwa vilima vya asili.

Angalia mahali penyewe. Vilima vingi havikuwekwa kwenye kilele hasa. Viliwekwa begani mwa mwinuko, mahali ambapo mtu aliye bondeni angekiona kimesimama dhidi ya anga. Vingine, kama vile vya Barrow Hills karibu na Radley, Oxfordshire, vimekaa kwenye matuta ya kokoto juu kidogo ya mto.

Mwisho wa hatua hii, angalia kama kuna aliyekutangulia. Ramani ya Historic England na tovuti ya Heritage Gateway zitakuonyesha yaliyokwisha kurekodiwa. Mara nyingi utakuta pete yako ina namba tayari. Huo ni mtihani uliofaulu: umeona walichokiona wataalamu, bila kuonyeshwa.

Ukilihamishia jicho hili Afrika Mashariki

Baadhi ya hatua hizi hazitahama. Makaburi mengi ya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania ni marundo ya mawe na si mitaro iliyofukiwa, kwa hiyo shayiri haitakusaidia. Utatafuta madoa mepesi ya mviringo kwenye ardhi isiyolimwa, na kivuli cha asubuhi. Vilima vya mawe vipo ndani ya Ngorongoro. Hyrax Hill, karibu na Nakuru, ilichimbwa na mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1937 na 1938, na makaburi yake yako wazi kwa wageni. Lothagam, magharibi mwa Ziwa Turkana, wafugaji wa karibu miaka 5,000 iliyopita walijenga jukwaa la mawe la kipenyo cha mita 30, na chini yake wakazika watu wanaokadiriwa kuwa angalau 580.

Mdanganyifu mkubwa wa huku ni boma. Zizi lililohamwa huacha samadi, na samadi hugeuka kuwa majani mazuri yanayodumu kuliko unavyoweza kufikiri. Utafiti katika Kaunti ya Narok, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba maboma ya wafugaji ya miaka takriban 1,500 hadi 3,700 iliyopita bado yanaonekana kama mabaka ya majani yenye rutuba katikati ya mbuga. Ni ugunduzi wenye thamani yake, lakini baka lililojaa kijani kutoka ukingo hadi ukingo limetokana na ng'ombe. Pete tupu katikati ndiyo inayotokana na mtaro. Marundo ya mawe yaliyotolewa shambani na wakulima nayo hufanana na makaburi, hasa yakiwa kwenye mipaka ya mashamba. Hapo hakuna picha itakayozidi kumuuliza mzee wa mahali.

Hatua ya 8: Andika, pima uhakika wako, peleka

Kwa kila duara fungua ukurasa mmoja. Andika latitudo na longitudo ya katikati, tarehe ya kila picha ulikoliona na ya kila picha ulikolikosa, zao na aina ya ardhi, kipenyo kwa pande mbili, upana wa mtaro, mapengo na uelekeo wake, kilichomo ndani, kilicho jirani, na leza inasemaje. Hifadhi picha ya skrini mara mbili, moja safi na moja uliyoichora mstari. Ile safi ndiyo mtaalamu atakayoitaka, kwa sababu mstari wako ni maoni yako.

Kisha chagua neno moja kati ya matatu. "Inawezekana": pete iko katika picha moja tu, kipimo kinafaa. "Yaelekea": iko katika picha mbili au zaidi za miaka tofauti, haina mlango, na wadanganyifu wote wamekataliwa kwa sababu ulizoziandika. "Karibu hakika": hayo yote, pamoja na leza, ramani ya zamani au kundi la wenzake. Neno "hakika" usilitumie. Hilo ni la anayechimba kwa kibali.

Ukitaka kwenda kupaona, tumia njia za umma, na nje ya njia hizo omba ruhusa ya mwenye shamba. Usichimbe hata kwa kijiko. Usipite na kifaa cha kutafutia chuma: kwenye eneo lililowekwa chini ya ulinzi ni kosa la jinai bila kibali, kwa sheria ya mwaka 1979, na mifupa ya binadamu haiondolewi kaburini bila leseni. Hata pasipokuwa na sheria, huyu ni mtu aliyezikwa na watu waliomlilia, wakamchimbia mtaro kwa pembe za kulungu na mifupa ya bega ya ng'ombe. Plau linamgusa kila mwaka, na kulionyesha kaburi lake kwenye rekodi ndiyo njia ya kuanza kulikinga.

Kila wilaya ya Uingereza inahudumiwa na ofisi ya rekodi za mazingira ya kihistoria. Watumie ukurasa wako kwa barua pepe, ukitaja neno ulilochagua na sababu zake. Usiweke mahali hasa kwenye mitandao ya kijamii, maana wezi wa makaburi nao wanasoma. Kenya, peleka kwa Makumbusho ya Taifa. Tanzania, kwa idara ya mambo ya kale.

Pete uliyoipa "inawezekana" usiifute. Iweke kwenye faili lenye jina la shamba, na ukisikia Juni kwamba wiki tano zimepita bila mvua kusini mwa Uingereza, lifungue faili hilo, subiri picha mpya zitoke, na uanze tena kwenye shamba hilohilo.